Baba Mkwe Ameukataa Mti Wangu wa Sahani

Shangazi Waithira mpendwa wa gazeti letu, nimeona nikulilie wewe kabla sijaongeza ujinga juu ya ujinga. Mimi ni Gicheru, kinyozi wa Majengo hapa Nyeri, na kama hujasikia jina langu basi hujapita huku, maana hakuna kichwa cha maana kutoka Kiganjo mpaka Othaya ambacho hakijapita mikononi mwangu, nimenyoa makurutu wa polisi, nimenyoa padri, nimenyoa hata bwana arusi aliyekuwa amelala. Shule niliacha darasa la tano lakini dunia nimeisoma, wakati Uhuru unakuja nilikuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, nimefika Kampala, Moshi, Mombasa, na Kongo tulifika mpakani nikaiona kwa macho, kwa hivyo usinione mtu wa kudanganywa na kitu kidogo.

Shida ilianza na hii mtindo ya afro. Vijana wameacha kunyoa, kila mmoja amefuga kichaka kichwani na anatembea na chanuo mfukoni, nami nakaa kwa kiti cha wateja najizungusha mwenyewe. Siku moja akaingia Mjapani, mhandisi aliyekuja mambo ya maji, nikamkata nywele, na yeye badala ya kujiangalia kwa kioo anaangalia mikono yangu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Wewe mkono mzuri. Wewe naweza mti mdogo." Akatoa picha kwa pochi, na Shangazi, si picha ya mke, si ya mtoto, ni ya mti! Mti mzee kabisa, shina limekunjamana kama shingo ya kobe, matawi yametanda, na wote umekaa kwa sahani juu ya meza. Akasema ni wa baba yake na unaitwa bonsai, na ati hiyo si aina ya mti, ni kazi ya mkono tu, mtu anaweza kuanza na mche wowote kutoka nasari ya miche, ile ya kawaida watu wanapanda. Nikajiambia, kama Mjapani ameweza, Gicheru atashindwa na nini?

Nikaenda kwa Mwanabibi, yule mama anauza miche nyuma ya msikiti. Yeye akanichagulia saiprasi ndefu, zimenyooka kama askari kwa gwaride, zile za kupanda ua wa boma. Nikamwambia hapana mama, Mjapani amesema nitafute fupi, nene kwa chini, ile imepinda imekaa kwa mkebe mpaka ikakosa mnunuzi. Mwanabibi akashika kiuno.

"Gicheru, hizo nilikuwa nimpe jirani awashie jiko."

"Basi nipe mimi."

"Za nini? Unampandia panya ua?"

Akacheka mpaka akakaa chini, lakini alinipa, na akaniongeza zingine bure, ati siku ya kiyama akiulizwa sadaka yake atasema alimsaidia mwendawazimu.

Na nisikufiche, nimeua miti mimi. Wa kwanza niliuweka ndani, kwa rafu chini ya kioo, wateja wauone, ukakauka kama ufagio, kumbe mti ni mti tu hata ukiwa mdogo, unataka jua na mvua na ile baridi ya mlima. Mwingine niliukata mizizi na matawi siku moja, nilikuwa na furaha sana siku hiyo, tena katikati ya kiangazi, nao haukungoja Jumapili. Mwingine niliutia kwa sufuria bila tundu nikaumwagilia maji kama nanywesha ng'ombe, ukaoza ukanuka mpaka mwenye nyumba akauliza ni nani amekufa. Lakini Gicheru haachi, nikarudi kwa Mwanabibi nikachukua mwingine, nikangoja masika, nikatoboa sahani ya bati ya shangazi yangu wa damu kwa msumari, nikaweka kokoto chini, mizizi nikapunguza kidogo tu na matawi nikayaacha mpaka nione mti umeshika, ndipo nikayakunja polepole na waya laini niliyotoa kwa redio mbovu. Sasa huo mti, Shangazi, usiulize! Shina nene kama kidole gumba changu, tawi la kushoto limeinama kama mama anaokota viazi, juu umechanuka vizuri kama kichwa nilichonyoa mwenyewe, watu wanatoka sokoni kuuangalia.

Halafu kuna Wachuka. Wachuka ni msichana wa Othaya, anashona kwa duka moja hapa mjini, nampenda na yeye ananipenda, na mwezi uliopita tukapanga mimi na wazee wangu twende kwao tukajulikane. Tulienda na mjomba wangu Wahome, yeye ndiye msemaji wetu, tukabeba kibuyu cha muratina kama desturi inavyotaka. Wewe unajua mambo yetu, wazee wanazungumza, kijana ananyamaza, halafu msichana anaitwa anaulizwa mbele ya watu kama hiyo pombe inywewe au irudi, akisema inywewe basi wageni wamekubaliwa. Lakini mimi nikaona, mtu wa maana hawezi kwenda kwa wakwe na kibuyu tu kama kila mtu, nikabeba na ule mti, zawadi ya baba mkwe, mti wangu mzuri kushinda yote.

Mzee Kingori, baba yake Wachuka, ni mkulima wa majani chai, ako na shamba kwa mteremko, limepangwa kama kitambaa cha meza. Akatupokea vizuri. Wahome akaanza kuzungusha maneno kama wazee, ati tumepotelewa na kamwana ka kondoo tukaona nyayo zinaingia boma hili, na mzee anaitikia anatabasamu. Mimi nikaona wanachelewa. Nikasimama. Nikaweka sahani mbele ya mzee nikasema, "Baba, hii ni kazi ya Kijapani na hakuna mwingine katika Mlima Kenya yote anaijua. Huu mti ungekuwa mrefu kama kanisa, lakini mimi nimeukata mizizi, nimeufunga na waya, na sasa hautakua tena, utakaa hivi hivi mpaka ufe."

Nyanya yake Wachuka, mama mzazi wa mzee, akasema, "Ngai!" akavuta shuka. Mzee akauliza polepole, "Hautakua?"

"Hata kidogo, baba!" Nikajibu na kifua mbele.

"Na ulikuwa na shida gani na wewe? Ulikukosea?"

Wahome ananivuta koti, mimi nadhani ananipongeza.

Mzee akainuka, akabeba sahani mwenyewe akanirudishia mikononi, akasema, "Kijana, msichana wangu si wa kuwekwa kwa sahani. Enda upande huu mti chini kwa mchanga kama mti wa Mungu. Siku utafika kofia yangu, rudi tuongee."

Tukaondoka hivyo, pombe haijaonjwa, Wachuka hajaitwa. Alinifuata mpaka kwa lango, nikadhani anakuja kulia na mimi, akaniambia, "Gicheru, ulinyoa miti yote ukasahau mdomo," akarudi ndani. Tangu hapo akiniona mjini ananisalimia kama karani wa posta.

Sasa Shangazi, nimevunjika. Nikiupanda chini nitapoteza kazi ya mikono yangu, tena saiprasi ifike kofia ya mzee mimi nitakuwa na mvi na Wachuka ameolewa, maana nasikia kuna mwalimu wa Karatina mwenye Peugeot anapita kwa mzee kila Jumamosi ati anapenda hewa ya huko. Nikikataa kuupanda, nimekosa mke. Nikafikiria ninunue saiprasi kubwa iliyofika kofia tayari, niichimbie shimo, nimwite mzee nimwambie ndio ule ule, ulishiba mbolea. Wahome akasema nikifanya hivyo nitafute mjomba mwingine. Niambie, niokoe mti au niokoe mapenzi? Nakungoja kama mteja aliyenyolewa nusu.

Mimi wako katika mashaka,
Gicheru, Kinyozi wa Kimataifa, Majengo, Nyeri.

*

Gicheru,

Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini, kisha nikakuhurumia, kisha nikakasirika. Nianze na hiyo hasira, maana imeniganda kooni.

Umeniandikia habari za mti mpaka nimeuona mbele yangu. Najua unene wa shina, najua tawi la kushoto limeinamaje, najua mpaka waya ulitoka wapi. Na Wachuka? Anashona, ni wa Othaya, unampenda. Basi! Hujaniambia anacheka na nini, anashonea nani, anataka nini maishani. Labda anataka duka lake mwenyewe. Labda hataki kukaa Majengo. Wewe unajua? Kama mimi nimeliona pengo hilo kwenye karatasi, baba yake aliyemlea atakosa kuliona usoni pako?

Mzee Kingori hana ugomvi na saiprasi. Alisikia mwanamume amesimama nyumbani kwake, mbele ya mama yake mzazi, anajisifu kwamba amekata mizizi ya kitu kizuri na kukifunga waya ili kisikue, na baada ya hayo anaomba apewe binti. Ungekuwa wewe ungempa? Mimi ningekufukuza na sahani ningebaki nayo.

Tena ulisimama kusema wakati msemaji wako yuko katikati ya maneno. Wazee wanapochelewa namna ile si kwamba wamelala, wanapimana. Wewe ukawakatiza, na ubaya zaidi ukamnyang'anya Wachuka nafasi yake. Siku ile nzima alikuwa na neno moja tu la kusema mbele ya watu, pombe inywewe au irudi, na hukumwachia alitamke. Anakusalimia kama karani wa posta? Shukuru bado anakusalimia.

Sasa futa machozi nikuambie kitu ambacho kwa kelele zako hukukiona. Mzee alikurudishia mti. Kibuyu alikurudishia? Hujaandika kwamba mlirudi nacho, na mtu mwenye majonzi kama yako asingeacha kulitaja. Mzee anayekataa wageni huwabebesha pombe yao mpaka barabarani. Huyu amebaki na yenu ndani. Mlango haujafungwa, umerudishiwa tu.

Kwa hivyo fanya hivi. Hilo wazo la kununua mti mkubwa na kusema ni ule ule, lizike wewe mwenyewe, na usilipandie kitu juu. Huyo ni mkulima. Atainama aangalie udongo, na hapo hata Wahome hataweza kukutetea. Mti wa sahani nao usiuguse. Ukiung'oa kwa hasira utakufa, na mzee hatapata faida yoyote kwa wewe kuua kitu ulichojifunza kwa shida namna hiyo. Kazi yako si mbaya, Gicheru. Kuua miti na bado kurudi kwa Mwanabibi kuchukua mwingine, hiyo ni subira, na mume mwenye subira si wa kutupwa. Shida ni kwamba subira yako yote iko vidoleni, mdomoni haijafika.

Mtume Wahome kwanza, peke yake, akaombe radhi kwa niaba yako kwa desturi mnayoijua. Halafu wewe uombe kitu kimoja tu: ruhusa ya kwenda kumsaidia mzee wakati wa kupogoa chai. Umeshawahi kuona mchai ulioachwa ukue unavyotaka? Unapita paa la nyumba, mwanangu! Kila kichaka kwenye ule mteremko ni mti mkubwa ambao Mzee Kingori ameukata maisha yake yote ukae kiunoni mwake, na kwa kukatwa vizuri unampa majani mapya kila mara, umesomesha watoto na umejenga nyumba uliyoingia na sahani. Yeye anakata ili mti utoe. Hilo ndilo ungemwambia kuhusu wako: kwamba unaupunguza ili uishi kwa udongo mchache, na kila msimu unatoa machipukizi mapya. Ni kweli, au si kweli? Lakini wewe ukachagua kusema hautakua.

Usimwambie sasa. Enda ushike kisu cha kupogolea, fuata mstari atakaokuonyesha, na ukisikia hadithi ya Kampala inapanda kooni, imeze. Akikuuliza ulijifunzia wapi kukata vizuri hivyo, mjibu kwa maneno machache kuliko unavyotaka. Mwalimu wa Peugeot akija na viatu vyake vya kung'aa, msalimie kwa heshima, uendelee kukata.

Lakini kabla ya hayo yote nenda kwenye duka anakoshona Wachuka, uketi, umuulize anataka nini, kisha unyamaze mpaka amalize. Nimesema mpaka amalize. Kabla hujatoka hapo mwambie baba yake akikubali utakwenda shambani kwake siku kadhaa, na kwamba mti wa sahani hauwezi kukaa bila maji, kwa hivyo unaomba, kama anaona sawa, aupitie asubuhi akienda kazini. Usimbembeleze, usimletee zawadi, usimwachie maelezo marefu. Ukirudi Majengo, tia kidole kwenye udongo kabla hujavua koti. Ukiwa mkavu, mwache msichana wa watu aolewe na Peugeot. Ukiwa na unyevu, mkimbilie Wahome, mwambie akatafute muratina nyingine.

Shangazi Waithira