Mpishi Bado Yuko Kwenye Ngazi

Jumapili, 2 Machi

Baba amepiga simu. Atakuja Jumamosi tumalizie filamu ya chui. Kasema mwenyewe, sikumkumbusha. Nilimkumbusha wiki iliyopita tu.

Mama alikuwa anapiga pasi. Kasema, "Jumamosi ipi? Ziko nyingi." Akaendelea kuipiga pasi kola ambayo ilishanyooka.

Jumanne, 4 Machi

Jirani yangu wa dawati, yule tunayemwita Redio, ameiona filamu yote kwa binamu yake. "Nikwambie nani anabaki hai?" Nikaziba masikio, nikaanza kuimba jedwali la saba kwa sauti. Akasema filamu yenyewe ya zamani, kila mtu kaiona, mimi naitunza kama vyombo vya wageni. Wakacheka hadi walioko nyuma.

Waache wacheke. Sitaki kujua bila baba.

Tuliachia pabaya. Chui amejificha kwenye ghorofa ambalo halijaisha kujengwa. Mafundi wawili wameshaliwa. Mpishi wao — mama mnene, aproni ya njano — anapanda ngazi kwenda kwenye tangi la maji, peke yake. Hapo simu ya baba ikaita. Akasimamisha filamu, akatoka nje kuongea. Aliporudi akachukua sanduku lake la vifaa na begi. "Tutamalizia," akasema. Baba ni fundi wa majokofu, nikadhani kaitwa kazini. Kumbe ndiyo alikuwa anahama.

Mpishi yuko kwenye ngazi tangu mwaka jana.

Jumatano, 5 Machi

Leo kwenye insha tumefundishwa taharuki. Mwalimu kasema msomaji asingojeshwe bure. Akingoja kupita kiasi haogopi tena, anakasirika tu. Nimeandika yote kwa kalamu nyekundu. Nilitaka kuuliza: na yule ambaye bado anangoja? Sikunyoosha mkono.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefuta runinga vumbi. Nimejaribu flashi yenye filamu, inasoma. Sikubonyeza kitu kingine.

Mama kasema laiti ningefagia uani kwa moyo huo. Halafu akaketi kwenye mkono wa kochi, jambo ambalo mimi nikilifanya nagombezwa. "Mwanangu, kule alikohamia baba yako kuna mtoto. Ana wa kumbembeleza sasa."

Najua. Ni binti wa yule mama anayeishi naye baba, yuko darasa la pili. Nikajibu, "Najua, mama."

"Unajua, lakini hutaki kusikia."

Mama siku hizi ana maneno ya kuchoma. Lakini kuna kitu anakisahau. Kwenye sehemu za kutisha baba hunifunika macho kwa kiganja. Kiganja kinanuka mafuta ya mashine hata akinawa. Na huchelewa, kila mara! Mtu ameshatafunwa ndipo kiganja kinafika, kwa sababu yeye mwenyewe anashtuka kwanza. "Baba, umechelewa, ameshaliwa." "Basi tumlilie pamoja." Hata mama alikuwa anacheka huko jikoni. Nilimsikia mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Bado. Ni mapema.

Mama kafua mapazia, wakati si siku ya mapazia. Anapita dirishani kila mara.

Alasiri

Amekuja. Kaleta biskuti za maumbo ya wanyama, za watoto wadogo. Nimeshukuru. Kasema, "Umerefuka, bibie." Akasalimiana na mama kama mtu na karani wa benki. Kisha tukakaa kochini, mahali petu palepale, na nilifurahi. Naandika ili isije ikasemwa baadaye kwamba sikufurahi.

Tukaanzia kwenye ngazi. Kipande kile hakina hata muziki. Ni vyuma vinalia na mpishi anahema. Hakuna kivuli, hakuna mkia. Nilikuwa nimetulia kabisa.

Kiganja kikanifunika macho.

Nikakaa gizani. Ngazi inalia. Kilinuka sabuni tamu, ya kitoto. Ndipo mpishi akapiga ukelele.

Hajawahi kuwahi. Hata siku moja.

Nikautoa mkono wake polepole. Nikauliza, "Baba, umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba anatokea sasa."

Akaitazama runinga, hakunitazama mimi. "Aa, filamu hizi zote ni zilezile." Akaona uso wangu, nadhani, maana akanipigapiga goti. "Usihofu bwana. Mpishi hafi."

Wiki nzima nimeziba masikio.

Nikasema, "Umeiona na nani?"

Akafungua mdomo. Simu yake ikaita.

Nimesimamisha filamu. Safari hii ni mimi niliyebonyeza. Mpishi ananing'inia kwa mkono mmoja, chui yuko juu yake, mdomo wazi. Baba yuko nje, mlango kaurudishia nusu. Anaongea kwa ile sauti ya chini aliyokuwa ananisomea nayo hadithi nilipoumwa surua. Nimesikia, "Usilie. Mpe mama simu." Hakuna mwingine anayeambiwa hivyo.

Biskuti sijazifungua. Viatu vyake bado viko ndani. Rimoti ninayo mimi.

Jikoni sahani zinagongana. Mama ametoa tatu, naziona kupitia mlangoni. Hanitazami. Ameuliza, kama anayeuliza habari ya mvua, "Baba yako atakula?"

Nimemwambia asipakue kwanza.