Visanduku Tisa vya Nyumba Moja

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na mwanangu. Mimi mdogo wako mwili ni mzima, ila moyo unanienda mbio. Isome peke yako, mlango ukiwa na komeo.

Kazi yangu unaijua: vile visanduku vya madirishani vinavyopokezana ujumbe wa simu nyumba kwa nyumba, bila ofisi kuu. Kila kisanduku huwauliza majirani zake njia fupi ni ipi, na huwaamini. Hapo ndipo penye tundu. Hivi karibuni mkunga alilalamika kwamba ujumbe wake unapotea njiani, mwenye duka la dawa naye akaja juu, akasema mtandao wetu bure kabisa. Fundi mwenzangu, yule tunayemwita Domo, akasema labda visanduku navyo vimeanza umbea. Tukacheka. Laiti ningejua!

Tukaamua kila ujumbe upite njia mbili zisizokutana, tulinganishe nakala. Ndipo tukavibaini visanduku tisa vya uongo. Majina mbalimbali, lakini kila kimoja kinajitangaza kuwa ndicho njia fupi kwa kila mtu, ili ujumbe wote upite kwake. Domo akazunguka mtaani na kipimo cha mawimbi, akarudi amenywea. Akaniambia vyote tisa vimo nyumba moja.

Dada, ni kwako. Ni ile stoo ambayo shemeji hataki uifagie. Anautafuta ujumbe wako, wa wengine anaumeza tu.

Juzi nilipata ujumbe wako kwamba mmepatana, nisije. Nilifurahi jamani, nikalala usingizi mnono. Jana nakala yake ya pili ikafika kwa njia ndefu, na humo unanisihi nije nikuchukue, maana ameapa kwamba ukiondoka atakuua. Alikuwa ameyageuza maneno yako. Naogopa, dada.

Visanduku sijavizima, maana vikizimika atajua. Usinijibu kwa simu. Fundi cherehani aliyekuletea barua hii anakusubiri sebuleni. Mwambie shemeji unakwenda kwake mara moja kupunguziwa gauni kiuno. Mbebe mtoto, usichukue begi, na simu iache ikichaji mahali anapoiona.

Mama anakusalimu sana, hajui kitu. Domo pia anakusalimu. Shemeji safari hii simsalimu.

Niko kwa fundi cherehani, nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Njoo sasa hivi.

Mdogo wako