Kidude cha Nusrat na Laptopu ya Mansour

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mansour, hebu koma! Sauti ya mtu si achari, uitie chupani ule mwaka mzima. Nimemwambia hivyo hivyo, kijana huyu wa spika za harusini, kasimama mlangoni, laptopu yake kwapani. Eti anirekodi kiitikio mara moja, halafu nikae nyumbani nipumzike. Nani kamwambia nimechoka?

Mjukuu wangu Nusrat anaimba harusini kwa kidude cha kukanyaga. Anakanyaga, napiga dumbak, ngoma yangu, kidude kinainasa — inajirudia yenyewe. Anakanyaga tena, naitikia — inajirudia. Yeye anaimba juu yake. Akikizima, yote yamefutika. Harusi nyengine, mie tena! Ndivyo itakiwavyo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekutana na Muzdalifa huko Mlandege, bibi yake Mansour. Maringo!

— Shoga, jana nlikuwa harusini Mbweni.

— Na magoti hayo?

— Sauti yangu ilikwenda, ndani ya laptopu ya Mansour. Mie nlikuwa nyumbani nachambua mchele.

Akacheka mpaka buibui likamvuka. Mie sina wivu. Ila samaki nliyemnunua nimemsahau kwa muuzaji.

Nikamuuliza Nusrat kipi bora. Kidude hakigandi, kasema, na macho yake yanabaki kwa bi harusi. Lakini kosa likiingia linazunguka, na ukifuta vibaya unafuta yote. Kwenye laptopu unalitoa kosa peke yake, unaweka sauti hata kumi. Joto likizidi inaganda.

Basi kidude! nikasema. Akainuka kwenda kuosha vikombe. Kuinuka kule sikukupenda.

Ijumaa, 8 Agosti

Harusi Bububu. Aibu! Naitikia, kikohozi kikanitoka, kikaingia kwenye kidude. Kho! Kila kiitikio, kho! Wanawake khanga mdomoni. Nusrat akakanyaga afute, akafuta na dumbak. Muziki ukakatika.

Nadhira, mama wa bi harusi, akapaza sauti: yule kijana wa spika huko nje, Mansour, atuwekee Bi Muzdalifa. Waya ukapitishwa dirishani. Vigelegele! Mie nimekaa jukwaani, dumbak mapajani, namsikia Muzdalifa akimuitikia mjukuu wangu. Na tamu. Mwenyezi Mungu nisamehe, tamu khasa.

Jumapili, 10 Agosti

Nusrat kaja. Shikamoo Bibi. Marahaba. Keshatazama chini. Alhamisi ana harusi nyengine, anataka vyote viwili: kidude kwa dumbak yangu, laptopu kwa kiitikio. Kiitikio cha nani? Cha Muzdalifa, bila shaka. Basi na dumbak mpe yeye huyo! nikasema.

Akalia. Bibi, kasema, Mansour yuko tayari akurekodi na wewe, ukikohoa anafuta. Nataka niimbe na wewe hata siku utakayoshindwa kupanda ngazi za ukumbi.

Mtoto huyu! Ananizika huku ananibembeleza.

Nimekunywa tangawizi. Nimejaribu jikoni, peke yangu. Kho. Tena — kho. Mara ya tatu imetoka safi.

Mansour yuko barazani, kafungua laptopu, anaogopa hata kupiga hodi. Anajaribu spika — na Muzdalifa huyo, anaitikia kwenye baraza yangu!

Nusrat! Mwambie aingie, anirekodi sasa hivi, koo halijanigeuka. Lakini kwanza amtoe mwanamke huyo mle ndani ya laptopu. Hatuenei wawili.