Mstari wa Nne Una Jina Langu

Kakuma, Alhamisi, magharibi.

Joto la leo halina adabu. Upepo umevuma tangu mchana na vumbi limeingia mpaka kwenye vitufe vya laptopu. Nimepigwa na butwaa tangu saa saba na bado sijapona.

Shajara, leo nimemsingizia mtu.

Wala sikumsingizia kwa kunong'ona jikoni. Nilimsingizia kwa maandishi, kwenye kundi la WhatsApp lenye kamati nzima ya ushirika, asubuhi na mapema, nikiwa nimeshiba chai na kujiona mwenye haki. Wacha nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajitetea.

Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikitengeneza programu ya mtandaoni ya ushirika wa wafugaji wa hapa Kakuma. Kila ukoo una alama yake ya kuchoma kwa chuma cha moto. Ng'ombe au ngamia akifikishwa soko la mifugo, karani wa langoni anafungua programu kwenye simu, anatafuta ukoo wa muuzaji, kisha anaulinganisha mchoro wa alama na ule ulio kwenye ngozi ya mnyama. Mnyama wa wizi anazuiliwa hapo hapo. Bila michoro, programu hiyo ni orodha ya majina tu, na majina kila mtu anayajua.

Michoro yote, zaidi ya arobaini, ilichorwa na Solange.

Solange ni Mkongo, aliletwa kwenye kambi ya wakimbizi ya hapa akiwa mdogo na kompyuta amejifunzia humo humo. Hajawahi kumiliki hata mbuzi. Alikaa langoni mwa soko miezi mitatu na daftari lake, akichora kutoka kwenye mapaja ya ngamia, wazee wakimcheka kwamba huu mkia umeuelekeza kwa ukoo mwingine, naye anafuta, anachora tena. Mimi Mturkana wa Lodwar, niliyezaliwa na kulelewa hapo, nusu ya alama hizo sizijui. Yeye anazijua zote.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Leo saa nane kamati ilikuwa ikutane hapa Kakuma, ione programu ikifanya kazi kwenye seva mpya, kisha iamue nani ataitunza nikiondoka: Solange, au kampuni moja ya mbali iliyoleta barua nzuri yenye nembo ya rangi. Kwa Solange hii ingekuwa ajira yake ya kwanza ya kweli. Nilikuwa nimemwahidi kumsemea.

Sasa sikiliza nilivyomsemea.

Mpaka jana nilikuwa naiunda programu kwenye laptopu yangu, nyumbani Lodwar, halafu napakia ile iliyokamilika. Seva mpya haina habari na laptopu ya mtu. Inachukua msimbo kutoka kwenye ghala letu la mtandaoni na kujiundia programu yenyewe tangu mwanzo. Saa moja asubuhi nikabonyeza. Ikasaga, ikasaga, kisha ikanitemea maandishi mekundu kwamba moduli ya alama, kile kipande cha msimbo kinachoonyesha michoro, haipatikani.

Haipatikani vipi, na mimi naiona hapa? Nikaunda kwenye laptopu yangu, ikawa safi. Nikarudi kwenye seva, nyekundu. Nikarudia mara nne kama mtu anayefungua friji ile ile akitarajia nyama. Mwishowe nikafanya jambo ambalo ningemkemea mwanafunzi wangu: nikauzima mstari unaoiita ile moduli, nikaiambia programu iichukue michoro moja kwa moja kutoka kwenye folda yake. Seva ikanyamaza, ikamaliza kazi. Nikafungua programu kwenye simu. Majina ya koo yalikuwepo yote, na chini ya kila jina, badala ya mchoro, kulikuwa na kisanduku cheupe. Nikachungulia ripoti ya makosa. 404, 404, 404, yaani faili halipo, mpaka chini ya ukurasa.

Hakuna hata mchoro mmoja uliobaki kule.

Nilishtuka mpaka nikasimama. Na mimi nikishtuka sitafuti sababu, natafuta mtu. Mama yangu ameniambia hivyo tangu nikiwa shule ya msingi. Solange ndiye wa mwisho kuigusa folda ya alama, wiki iliyopita tu. Nikaandika kundini: "Michoro yote imepotea. Solange ameifuta kwenye ghala. Nashughulikia." Kisha nikaingia kwenye ghala nikamnyang'anya ufunguo, asiweze tena kubadilisha chochote. Simu sikumpigia. Ingenichukua dakika mbili.

Mjumbe mmoja akajibu kwamba yeye alisema tangu zamani, kazi kama hii haipewi mtoto wa kambi. Niliusoma ujumbe huo. Sikuujibu. Kati ya yote ya leo hilo ndilo linaloniuma zaidi, na naliandika hapa ili nisije nikajidai nilikuwa na shughuli nyingi.

Saa sita tuliondoka Lodwar kwa pikapu ya ushirika, baada ya kungoja dawa za mifugo zipakiwe. Dereva ni Ewoi, mtu mpole anayependa maswali. Alinisalimu ejok nikamwitikia kwa kichwa tu, nikaipakata laptopu. Mtandao hukatika mji ukibaki nyuma, lakini historia yote ya msimbo ninayo ndani ya mashine: nani aligusa nini, siku gani, saa ngapi. Nilikuwa natafuta dakika ambayo Solange alifuta. Nilitaka kuingia kwenye mkutano na ushahidi mkononi, fikiria.

Sikuona mahali palipofutwa.

Nikatafuta tena nikidhani macho yana vumbi. Kisha nikaanza kuona kitu kingine, polepole. Hapakuwa na kufutwa kwa sababu hapakuwa na kuingizwa. Folda ya alama haijawahi kuwemo kwenye ghala hata siku moja.

Ewoi akaniona nimeganda, akauliza kama leo hatumpi bahasha. Anazungumzia flashi. Mimi na Solange tumekuwa tukipelekeana folda hiyo kwa flashi, ndani ya bahasha, kila Alhamisi, mikononi mwa Ewoi. Tulianza zamani, wakati folda ilikuwa na picha za simu, nzito, ambazo mtandao wa huku ulizikataa na bando zilikuwa zinaniishia kabla ya saa nne asubuhi. Tukazoea. Nikamwambia leo hakuna bahasha, programu imehamia kwenye seva, na seva iko mbali sana, ng'ambo.

Akabadilisha gia.

"Sasa hiyo seva," akasema, "flashi yake inapelekwanga na nani?"

Alikuwa anauliza kwa dhati, kama unavyouliza ng'ombe wa fulani wananyweshwa na nani. Nilimtazama mpaka akaniuliza kama naumwa. Hakuna aliyewahi kuipelekea. Laptopu mbili zilikuwa na kila kitu kwa hisani ya Ewoi, ndiyo maana kwetu programu iliundika safi kila siku, na seva, ambayo ni mtu wa tatu, haikuwahi kupata bahasha.

Lakini kwa nini folda haikuingia kwenye ghala yenyewe, kama nyingine zote? Jibu nilikuwa nalijua kabla sijalifungua. Kila ghala la msimbo lina faili dogo lenye orodha ya vitu ambavyo halitakiwi kuvibeba. Nikalifungua. Mstari wa nne: folda ya alama. Kando yake, jina la aliyeuandika.

Akai. Mimi.

Mwaka jana, mwezi wa pili. Nililiambia ghala liiruke folda hiyo ili kuokoa bando, na siku ile lilikuwa wazo zuri tu. Baadaye tuliziondoa picha, tukaweka humo humo michoro ya Solange na ile moduli inayoionyesha, na mimi sikukumbuka kuuondoa mstari wangu. Yeye hakuhusika kwa lolote. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimelifunika langu kwa mwaka mzima na zaidi.

Nilimwomba Ewoi akaze mwendo. Nikaandika ujumbe wa kundi wa kukiri, ukagoma kwenda, hakuna mtandao. Kisha nikaufuta. Nilimchafua akiwa hayupo. Kumsafisha kulihitaji mdomo wangu, mbele ya watu wenyewe.

Tulifika saa nane na nusu. Ofisi ya ushirika imejaa, mkutano umeshaanza, mezani kompyuta imefunguliwa kwenye visanduku vitupu. Solange amekaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, daftari lake la michoro mapajani. Yule mjumbe wa asubuhi alikuwa anaisifu barua ya kampuni. Sikungoja amalize. Nilisema nikiwa nimesimama kwamba Solange hakufuta kitu, kwamba folda haikuwahi kuingia kwenye ghala, kwamba niliizuia mimi kwa mkono wangu, na kwamba nilimnyang'anya ufunguo bila kumuuliza. Mtu mmoja nyuma alisema "aii" kwa upole, basi.

Mwenyekiti, mzee Lopeyok, alinigeukia. Alinionyesha kiti kwa fimbo. Nikakaa, nikaufuta mstari wa nne, nikaurudisha ule niliouzima asubuhi, nikaingiza folda kwenye ghala kutoka laptopu yangu, nikaiamuru seva ianze upya. Mtandao wa ofisi ukajikokota. Watu wazima ishirini tulikaa tukitazama namba zikipanda moja moja. Halafu michoro ikaanza kutokea. Mzee mmoja aliiona ya ukoo wake, akainuka, akaigusa kwenye kioo kwa kidole.

"Akai," mwenyekiti akasema, "umepoteza mbuzi yako mwenyewe, halafu umeshika jirani."

Wakacheka. Hata yule mjumbe alicheka. Kamati haikuchukua dakika kumi. Wakasema kazi ni ya Solange, barua ya kampuni irudishwe kwa heshima. Nilitaka kulia kwa nafuu. Solange akasimama, akashukuru kwa Kiswahili chake cha taratibu, akaomba apewe mpaka asubuhi awape jibu. Watu wakashangaa kidogo, wakakubali. Nadhani walifikiri ni adabu.

Nilimfuata nje, mpaka kwenye uzio wa soko. Nikaomba msamaha bila kuweka sababu yoyote mbele, wala seva, wala usingizi, wala haraka. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Niliona jina yako, dada," akasema. "Tangu saa mbili asubuhi."

Historia ile ile iliyo kwenye laptopu yangu iko kwenye yake, na kuisoma hakuhitaji ufunguo. Aliposoma ujumbe wangu kundini hakulia wala hakunipigia. Alifungua mashine, akatafuta, akaupata mstari wa nne kabla mimi sijatoka Lodwar. Aliketi kwenye benchi lile, mbele ya watu waliomtazama kama mharibifu, akijua.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningelisema, nani angelinisadiki?"

Hakuisema kwa hasira. Akaongeza kwamba mabomba ya mtaa wao hufungwa saa kumi na lazima awahi maji. Akaniaga kwa mkono, akaenda zake na daftari lake kwapani. Nimelifikiria jibu lake hilo jioni nzima na sijapata pa kulikosoa. Angeandika kundini kwamba kosa ni la dada Akai wa Lodwar, mimi ningesema amenigeuzia kibao, na wote wangeniamini mimi. Ningejiamini hata mimi.

Saa kumi na moja nimemtumia mwaliko wa kurudi kwenye ghala, safari hii ufunguo mkubwa kama wangu, asiweze mtu kumfungia nje. Kundini nimeandika kila kitu, na yule mjumbe nimemjibu lile la asubuhi, kwa kuchelewa kwa masaa kumi. Watu wameweka vidole gumba. Solange ameusoma. Hajaweka chochote.

Sasa ni saa moja na nusu. Nimeangalia tena: mwaliko haujapokelewa. Nimeishika simu mara mbili nimpigie, nimbembeleze, nimwambie kazi hii ni haki yake na asiniache mimi nikawa sababu. Mara zote mbili nimeiweka chini, kwa sababu nimejua ninayetaka kumfariji ni nani.

Atajibu asubuhi, na sitakuwa na neno.

Ningekuwa yeye, nisingeupokea.