Surua Imefungiwa Mlango

Alhamisi, baada ya Isha

Mkono wa mjukuu wangu Salma umevimba kidogo tu kwa sindano, lakini mkwe wangu ananuna kana kwamba mtoto ameng'atwa na mbwa. Nimemwambia, "We Rehema, wacha kulialia! Nimepanga foleni ya chanjo kule Nakivubo tangu alfajiri, tena si ya sukari."

Wanajeshi walifunga barabara, nesi akachelewa, tukahofia chanjo imeharibika kwa joto. Alipofungua chupa ya chai aliyobebea chanjo, barafu bado imo. Nusura nimbusu.

Jirani yangu Nalongo akacheka, akiniita bibi kwa Kiganda: "Jjajja, leo Mulangira atakuta mlango umefungwa!" Waganda huiita surua hivyo, yaani mwana wa mfalme. Zamani ikiingia nyumbani tuliipigia magoti, tukaipa buni na maneno matamu, iondoke bila hasira.

Kwa binti yangu Zuhura nilipiga magoti mpaka yakachubuka. Maneno matamu, mimi, mwenye ulimi huu! Ikaondoka naye.

Salma amelala. Nimemgusa paji la uso, halina moto.

Zuhura mwanangu, laiti chupa ile ya chai ingekuwapo wakati wako. Sasa hivi ningekuwa nakugombeza na wewe.