Mwashi Amebaki Usinge

Dada Nyamizi,

Shikamoo. Marahaba yako nimeikosa tangu masika yale tuliyokuzika.

Nimechoka, dada. Nakuandikia nikiwa nimekaa chini, miguu imevimba. Lakini nataka ujue yaliyompata Mwashi, yule mjane wa Usinge ambaye kesi yake uliiacha njiani.

Hakimu alimwita, nami nikasimama kando yake, pale ulipokuwa ukisimama wewe. Shemeji yake alianza: "Mwanamke harithi shamba. Kaka kafa, huyu arudi kwao." Mwashi akaanza kujifuta macho kwa kanga. Nikamnong'oneza yale maneno yako: "Sema kwanza. Kulia utalia nyumbani."

Akasema. "Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, msitu ule tuliufyeka mimi na marehemu. Shemeji alikuwa mjini Tabora. Hata panga letu halijui."

Wazee wa baraza wakacheka, kisha wakatazamana. Hakimu akaamua shamba ni la Mwashi.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe shemeji alirudi kijijini akang'oa mihogo yote. Kisimani wanawake wakawa wanamwachia nafasi kama mwenye ndui. Tulipopata habari tukapanda treni ya Kigoma, mimi na Mama Amina wa dukani, tukaenda kupanda upya. Mwenyekiti wa kijiji alipita, hakutusalimu. Mchana mkewe akaja na jembe begani, akaingia shambani, akalima nasi mpaka jua likapoa. Wakati wa kuondoka alimshika Mwashi mkono, basi.

Shemeji hajaleta tena fujo. Mwashi amebaki, na mihogo imeshika. Ila hacheki kama zamani, na wifi zake bado hawamwendei.

Nasi tunaowasindikiza wajane mahakamani tumepungua. Mama Rebeka amekatazwa na mumewe. Wapo wanaosema tunawatia wanawake kiburi na kuvuruga umoja wa kijiji. Wewe ungewajibu hapo hapo: "Ujamaa gani huo unaoanza kwa kumfukuza mjane?" Mimi maneno huwa yananijia nikishafika nyumbani. Siku hizo ndizo ninazokutafuta zaidi. Nakumbuka ulivyokuwa ukivua viatu nje ya mahakama, ukavikung'uta vumbi, ukasema, "Twende tukawasumbue." Tulikuwa tukiingia tunacheka, dada. Siku hizi naingia kimya.

Sasa hivi kuna mama kutoka Ziba amelala chumbani kwangu na mtoto wake mchanga. Ng'ombe wa marehemu mumewe wamechukuliwa wote na ukoo, hata yule wa maziwa. Ameniuliza kama hakimu ni mkali. Nikamwambia ni mtu tu, ale kwanza, alale.

Siwezi kukuahidi kwamba tutashinda. Nakuahidi jina lake litakapoitwa, tutasimama wawili.

Pumzika, dada yangu. Mungu akuweke pema.

Mdogo wako,
Kalunde