Miguu Uliyoificha, Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Nina mimba ya miezi saba, nimetoka hospitali sasa hivi, na nina neno ambalo ni wewe tu wa kuambiwa.

Siku tulipokuosha ndipo nilipoiona miguu yako. Miaka yote ulivaa soksi, hata jua la Tabora likiwaka namna gani. Nikakuta vishipa vyekundu na vya zambarau vimetambaa toka vifundoni hadi magotini, vyembamba kama utando wa buibui. Maiti husitiriwa, ulinifundisha mwenyewe. Lakini mimi na mdomo wangu! Nikatoka uani napiga kelele, "Kalishwa sumu!" Nikamnyooshea kidole mke mwenzio, Mama Zuwena, mbele ya watu wote wa matanga. Mwaka sasa hajakanyaga kwetu.

Juzi vimenitoka na mimi, nyuma ya goti. Nikasema basi, zamu yangu imefika. Leo nimekwenda kwa mkunga hospitali, nikamwambia nimelishwa sumu, naye akacheka. "Sumu gani, bibi wee? Mama yako hakuwa navyo?" Akanieleza kwamba vishipa hivi mtu hurithi, tena huletwa na mimba, na umri, na kusimama mahali pamoja kutwa, damu ikachelewa kupanda.

Subhanallah, Mama! Nilikaa kwenye benchi pale nje nikakuwaza hadi machozi yakanitoka. Mimba tisa. Na lile sufuria la haluwa ya kuuza, tangu asubuhi mpaka adhuhuri unakoroga, ukiambiwa pumzika unasema, "Nikikaa inashika chini." Akina babu tunawasifu mpaka leo kwamba walikuja na misafara toka Bagamoyo kwa miguu. Wewe hukwenda popote. Ulisimama pale pale uani, na sote tukala. Miguu ile ilibeba nyumba nzima, nami nikaiona sumu!

Halafu nikakumbuka nani alikuwa akikupokea mwiko ukichoka. Mama Zuwena. Na yeye pia, Mama, sijapata kumwona bila soksi.

Kwaheri, mama yangu, Mungu akulaze pema. Kesho naenda kwake, na tumbo langu hili. Akinifukuza, nitarudi keshokutwa. Akinifungulia, nitapiga magoti nimwombe radhi, nimvue zile soksi, nimkande miguu. Na nitakachokiona sitamwambia mtu.

Mwanao